Bima ya Mazishi

Usiku wa tarehe 27 Julai 2004, mjini Boston, mwanasiasa ambaye wengi hawakuwa wakimjua alipanda jukwaani na kuitambulisha Kogelo kwa ulimwengu bila hata kuitaja. Sisi huku tulishika ile sehemu ya baba yake aliyechunga mbuzi utotoni. Lakini katika hotuba hiyo hiyo, Barack Obama alitaja mji mwingine mdogo: Galesburg, Illinois, ambako alikutana na wafanyakazi wa kiwanda cha Maytag kilichokuwa kikihamia Mexico.

Galesburg ilitengeneza friji. Oktoba 2002 watu wapatao 1,600 waliambiwa kazi inaondoka. Septemba 2004 milango ikafungwa, na friji zikaanza kuundwa Reynosa, ng'ambo tu ya mpaka wa Texas.

Hawakuachwa mikono mitupu kabisa. Marekani ilikuwa na mpango kwa ajili ya watu kama wao, TAA: msaada wa serikali kwa mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya biashara ya kimataifa. Ulimlipia mafunzo na kumpa posho ya kila wiki baada ya mafao ya kawaida ya ukosefu wa kazi kwisha. Wafanyakazi watatu tu wangeweza kuungana na kuwasilisha ombi kwa niaba ya wenzao.

Mpango huo ulizaliwa kama makubaliano ya kisiasa. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitaka kupunguza ushuru wa forodha. Hesabu ilikuwa rahisi: bidhaa za bei nafuu huwafaidi wengi, kila mmoja kidogo, lakini huwaumiza wachache vibaya sana. Basi wanaofaidi wawalipe wanaoumia. Vyama vya wafanyakazi vikakubali, sheria ikapita Oktoba.

Ahadi ni deni, lakini deni hili lilicheleweshwa mno. Ili usaidiwe, ilibidi uthibitishe kwamba bidhaa za nje ziliongezeka kwa sababu ya ushuru uliopunguzwa, kisha uthibitishe kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kuu ya wewe kufutwa. Nani angeweza? Hadi mwaka 1969, hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba!

Sheria ya 1974 ililegeza masharti. Kufikia 1980, viwanda vya magari vilipoyumba, zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wakipata msaada huo. Mwaka uliofuata Ronald Reagan akaubana tena. Ukapanuliwa tena mwaka 1994, mkataba wa NAFTA ulipoanza, na tena 2002, ambapo aliyezidi miaka 50 na kukubali kazi ya mshahara mdogo aliweza kulipwa nusu ya pengo, hadi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Umeona mtindo? Msaada ulinona kila bunge lilipohitaji kura za kupitisha mikataba ya biashara. Ndiyo maana viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walioupigia debe mwanzoni, waliishia kuuita bima ya mazishi. Bima hiyo haimponyi mgonjwa. Inalipia jeneza.

Tusiwe wakali kupita kiasi, lakini. Kuna waliorudi darasani na maisha yao yakabadilika. Shida ni kwamba cheti hakiundi ajira. Mtu wa miaka 52 aliyefunga milango ya friji nusu ya maisha yake anaweza kufaulu mitihani yote, kisha akatoka chuoni na kukuta mji wenyewe hauajiri.

Sasa, haya yanatuhusu nini? Mwaka 2000 Marekani ilipitisha AGOA, na nguo zilizoshonwa EPZ ya Athi River zikaingia huko bila ushuru. Mshonaji wa Athi River alipopata kibarua, alikuwa upande wa pili wa hesabu ya Kennedy. Lakini tumewahi kuwa upande wa kwanza pia. Soko letu lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ilimwagika. Kicomi ya Kisumu ikafungwa, na Rivatex ya Eldoret ikaanguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Wafanyakazi wao hawakuwa na mpango kama TAA. Hawakuwa hata na fomu ya kukataliwa.

Tangu tarehe 1 Julai 2022, TAA haiidhinishi tena vikundi vipya vya wafanyakazi. Bunge la Marekani liliacha muda wake uishe, bila kelele nyingi. Kwa hiyo siku nyingine ukiona marais wakipeana mikono baada ya kutia saini mkataba wa biashara, usiulize tu nafasi ngapi za kazi zitaletwa. Uliza pia ni kipengele gani kinachosema nani atawalipa wale watakaopoteza, na kwa muda gani.