E-filing Kortini: Kesi Yako Inaenda Mbio Kiasi Gani?

Umepiga picha za harusi ya msee, kazi imeisha, na sasa anakuzungusha na doo zako. Ukimwambia utamshtaki anacheka, juu anajua kesi Kenya huvuta miaka. Siku hizi hiyo si lazima, lakini jua mtandao unasaidia wapi na wapi hausaidii.

Ilianza lini?
E-filing ilianza korti za Nairobi Julai 2020, enzi za Jaji Mkuu David Maraga, Korona ikiwa imebana kila kitu. Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akaizindua nchi nzima.

Inaharakisha nini?
Zamani ulibeba makaratasi hadi masjala, ukapiga foleni, ukalipa ada, ukarudi na risiti. Saa hii unafungua akaunti kwa efiling.court.go.ke, unapakia hati zako na unalipa kwa simu. Ile stori ya "faili haionekani" nayo imepunguzwa makali. Na kama kesi ni ya kutajwa tu, mara nyingi unaingia kwa video dakika chache badala ya kuchoma siku nzima kwa benchi.

Hata samansi inaweza kutumwa kwa barua pepe au WhatsApp tangu kanuni zibadilishwe 2020. Lakini iwe ni namba ambayo huyo msee anatumia kweli, na uweke hati ya kiapo kuonyesha ulituma.

Haiharakishi nini?
Kompyuta haiandiki hukumu. Jaji akiwa na kesi mingi, foleni bado iko, ni vile tu imehama kutoka kaunta hadi kwa kalenda yake. Shahidi asipotokea ama wakili akiomba tarehe ingine, mfumo hauna la kufanya. Na mtandao ukilala, nyote mnangoja.

Njia ya mkato
Kama deni halizidi KSh milioni 1, ingia Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inasema kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue, na hukumu itoke siku hiyo hiyo ya mwisho ya kusikizwa ama isipite siku 3. Kuahirisha ovyo ovyo hairuhusiwi, na wakili si lazima. Ila kesi za mwajiri wako, umiliki wa shamba na kuchafuliwa jina haziendi huko.

Kwa hivyo kinachombana mdeni wako ni hizo siku 60 za sheria. E-filing kazi yake ni kuhakikisha huzimalizi ukiwa kwa foleni. Kabla ufungue kesi, panga mkataba, meseji zenu na rekodi za M-Pesa. Mwamuzi akiuliza ushahidi, usianze kutafuta simu ya zamani.