Mizani Haipimi Ngozi

Siku mizani ilipoonyesha kilo 74, dadangu mkubwa alinunua keki. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa na kilo 122. Aliacha soda, akaacha chapati za usiku, akawa anaenda kazini kwa miguu, Umoja hadi Inda, mvua inyeshe, jua liwake. Tulimpigia makofi, tukapiga picha, tukamaliza keki yenyewe. Usiku akaniita chumbani, akafunga mlango, akainua blauzi. Ngozi ya tumbo ilikuwa imekunjana na kushuka hadi mapajani, laini na tupu, kama gunia lililomwagwa mahindi.

"Niambie ukweli," akasema. "Mimi nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikaenda kusoma. Nilichokuta ni kwamba watu wamesimuliana hadithi ya kukonda kwa zaidi ya miaka 150, na karibu kila mara hadithi inakatikia pale kwenye mizani.

Chukua huyu William Banting, mzee wa London aliyekuwa kwenye biashara ya mazishi. Alinenepa hadi akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Mwaka 1862 daktari wake alimkataza mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka mmoja baadaye alikuwa ametoka ratili 202 hadi 156, yaani amepunguza kama kilo 21. Mwaka 1863 akachapisha kijitabu kuhusu safari yake. Kilisambaa sana, hadi jina lake likageuzwa kuwa kitenzi cha Kiingereza cha kujinyima chakula ili ukonde. Ushahidi wake ulikuwa ratili na inchi.

Miaka 125 baadaye, hesabu ilikuwa ileile. Novemba 1988, Oprah Winfrey aliingia kwenye kipindi chake kule Chicago akivuta kigari chekundu kilichojaa mafuta ya wanyama. Ratili 67, kama kilo 30, uzito uleule aliokuwa amepunguza. Watu walishangilia, na kusema kweli ilikuwa televisheni kali. Lakini angalia picha hiyo inatufundisha nini. Inasema unene ni mzigo: unautua, unaenda zako. Mafuta unaweza kuyapakia kwenye kigari. Ngozi iliyoyafunika miaka yote, je, utaipakia wapi?

Ngozi hukaa na umbo lake kwa sababu ya nyuzi mbili, kolajeni na elastini. Kolajeni huipa nguvu, elastini huirudisha ikivutwa. Ukiivuta kwa miezi michache, hurudi. Ukiivuta kwa miaka, nyuzi hukatika na kupungua, kama raba ya soksi za shule. Umri unachangia, sigara inachangia, jua linachangia, na ulichorithi kwa wazazi pia. Mazoezi hujaza misuli chini yake, lakini hayakati ngozi. Na zile krimu tunazouziwa mitandaoni? Hakuna ya kurudisha ngozi iliyovutwa miaka kumi. Ni pesa tu umetupa, bana.

Kinachoiondoa kweli ni kisu, na kisu nacho kina historia. Mwaka 1899 huko Baltimore, Marekani, daktari wa wanawake Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins aliandika kuhusu mwanamke aliyemkata kipande kikubwa cha tumbo, ngozi na mafuta pamoja, chenye uzito wa zaidi ya kilo 7. Mwanamke huyo hakuwa amekonda. Siku hizo kisu kilikuwa cha kupunguza tumbo lililojaa. Tumbo lililobaki tupu lilikuwa bado halijawa shida ya madaktari, kwa sababu waliopunguza kilo hamsini kwa mpigo walikuwa wachache mno.

Hilo lilibadilika katika miaka ya 1960. Mwaka 1966, huko Iowa, Edward Mason na Chikashi Ito walianza upasuaji wa kulifanya tumbo la chakula kuwa dogo na kuliunganisha moja kwa moja na utumbo. Sasa watu wakawa wanashuka makumi ya kilo ndani ya mwaka mmoja. Kufikia miaka ya 1970, madaktari wa upasuaji wa ngozi walikuwa wanaandika kuhusu mgonjwa wa aina mpya, yule aliyepona unene na kubaki na ngozi. Hadi leo, huko Marekani, kampuni nyingi za bima hukubali kulipa pale tu ngozi inapoleta vidonda na vipele visivyopona. Huzuni ya kujiangalia kwenye kioo haina fomu ya kujaza. Halafu kovu lenyewe hutoka nyonga hadi nyonga, na sisi watu weusi ndio hupata sana yale makovu yanayovimba. Unabadilisha alama moja na nyingine.

Hapa kwetu kuna historia nyingine tena. Mwaka 1985, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha ripoti ya ugonjwa mpya kutoka Rakai, Uganda. Wenyeji waliuita Slim, kwa vile ulivyomkondesha mtu. Ulikuwa Ukimwi. Kizazi cha wazazi wetu kikajifunza kusoma ngozi: ikilegea shingoni na mikononi, hiyo ilikuwa habari mbaya.

Ndiyo maana, kwenye harusi ya binamu yetu, aunti hakumpongeza dadangu. Alimvuta kando na kumuuliza, "Mbona unakaa mgonjwa? Umeenda kupimwa?" Dadangu alilia njia nzima kurudi nyumbani. Mimi nilikasirika kwa wiki nzima, hadi nikakumbuka kwamba aunti alizika dada zake wawili miaka ya tisini. Hakuwa anamdharau. Alikuwa anaogopa.

Hayo yote nilimpelekea dadangu Jumapili iliyofuata. Nikamwambia hakukosea popote. Kwamba alifanya kila kitu sawa na ngozi ingebaki tu. Kwamba Banting na Oprah walituonyesha hesabu, na hesabu haikuwa na mahali pa kuiandika ngozi.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kisu ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Sawa," akasema. "Kwa sasa niletee poda. Hapa kwa mkunjo ninachubuka nikitembea, na kesho ni kazi."

Nikaenda dukani.