Si Kifuatiliaji, ni Kikoa

Katika rasimu ya orodha ya istilahi za kompyuta niliyoletewa niipitie, nimekuta "kifuatiliaji binafsi". Kamati iliyoiandaa inakusudia zile jumuiya za torenti zilizofungwa, ambazo wanachama wake huziita traka: huingii bila mwaliko au usaili, na unadumu kwa kutoa. Istilahi hiyo haifai hata kidogo, na linalonikera zaidi ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari, nikalipendekeza, likakataliwa.

Tuanze na kitenzi. Fuata, fuatia, fuatilia: kila kinyambulishi kinazidi kumkazia macho anayefuatwa. Polisi hufuatilia mtuhumiwa, mdai hufuatilia deni lake, daktari hufuatilia mgonjwa. Kifuatiliaji kwa msomaji wa kawaida ni kile kidude kinachofichwa ndani ya gari ili mwenye gari ajue dereva amelifikisha wapi. Traka haimwandami mtu hivyo. Ni seva inayowakutanisha wenye faili na wanaolitaka, na faili lenyewe halipiti kwake. Tangu Bram Cohen atoe BitTorrent mwaka 2001, vipande husafiri kutoka kompyuta moja hadi nyingine moja kwa moja. Na hilo "binafsi" limetoka kwenye nafsi. Jumuiya yenye maelfu ya watu ina nafsi ya nani?

Tazameni mambo yalivyokuwa. Oink, traka ya muziki, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, ikaendeshwa kutoka Middlesbrough, ikavamiwa na polisi tarehe 23 Oktoba 2007. Siku chache baadaye ikazaliwa What.CD, iliyodumu hadi Novemba 2016. Asiyekuwa na wa kumwalika What.CD aliweza kuomba usaili, na usaili huo haukuwa wa mchezo. Mwombaji alionyeshwa picha za masafa ya sauti, aseme lipi ni faili lililotolewa kwenye CD bila kupunguzwa na lipi ni MP3 lililovishwa joho la FLAC, muundo wa faili lisilopunguzwa. Faili la kweli hupanda hadi karibu kilohezi 22; MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hukatika karibu na 16, kama iliyopigwa rula. Kuleta faili la pili na kuliita la kwanza ilikuwa aibu kubwa. Aliyekualika naye aliwajibika kwa mwenendo wako. Kisha kulikuwa na hesabu ya kila mtu: ulichotoa kugawanywa kwa ulichochukua. Ukichukua gigabaiti 10 na kurudisha 6, umesimama kwenye 0.6. Aliyeshuka chini ya kiwango alichopangiwa alipewa muda wa kujikomboa, na asipojikomboa akazuiwa kuchukua.

Sasa kikoa, neno nililolipendekeza. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo: chakula kinacholiwa pamoja, kila mshiriki akikitoa kwa zamu yake. Leo kwangu, kesho kwako. Sikilizeni pia kitenzi kinachokwenda nalo: kula kikoa. Si kula "katika" kikoa wala kula "kwa" kikoa. Kiswahili kina nasaba nzima ya "kula" isiyohusu tonge, ambapo kula ni kujifunga na wenzako: kula kiapo, kula yamini, kula njama. Kikoa kimesimama katikati ya nasaba hiyo, kwa kuwa chakula kipo na ahadi ipo. Tena mwanzilishi wa Oink alishtakiwa kwa kula njama ya kulaghai, na Januari 2010 waamuzi wa mahakama ya Teesside wakamwona hana hatia. Muziki ule ulikuwa na wenyewe na hakimiliki ilivunjwa kila siku, jambo ambalo istilahi haiwezi kulifuta. Ninachosema ni kwamba uhusiano wa wanachama kati yao ulikuwa wa kikoa, na istilahi inapaswa kuutaja uhusiano huo.

Mwenzetu mmoja anayeandika sana kuhusu lugha anashikilia "ujima". Vitabu vya historia vya shule vimeshalitwaa neno hilo kwa maisha ya binadamu kabla ya matabaka, ilhali jumuiya hizi ni ngazi tupu. Aliyeingia jana hana haki ya kumwalika mtu. Aliyetoa mengi hupandishwa daraja na kufunguliwa milango ambayo mgeni hajui hata kwamba ipo. Kikoa hakidai usawa wa vyeo. Kinadai zamu.

Rasimu hiyohiyo inamwita "mnyonyaji" kila ambaye faili lake halijakamilika. Tangu Azimio la Arusha la 1967 mnyonyaji kwetu ni mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake, na tusi hilo halina punguzo. Katika BitTorrent anayepokea huwa anatoa papo hapo vipande alivyokwisha kupata, na programu humpendelea anayetoa. Kumwita mnyonyaji ni kumsingizia. Hata hesabu yenyewe inakataa: ndani ya jumuiya iliyofungwa kila baiti iliyochukuliwa na mmoja imetolewa na mwingine, kwa hiyo jumla mbili hizo ni sawa, na haiwezekani wote wawe juu ya 1. Akiwepo aliye juu ya 1, lazima awepo anayedaiwa, kama katika kikoa alivyo yule ambaye zamu yake haijafika.

Matumizi, basi: kikoa, vikoa, mwanakikoa, mwenye zamu ni aliye na faili zima, mlaji ni anayeendelea kupokea, na aliyepungukiwa ana deni la zamu.

Jibu la kamati lilikuwa mstari mmoja: kikoa kimeshatumika kwa majina ya anwani za intaneti. Najua kimetumika. Waliokiteua inaelekea walisikia mkoa mdogo, eneo lenye mipaka, wakakifukia chakula. Hata hivyo "mtandao" tunautumia kwa intaneti, kwa kampuni ya simu na kwa muungano wa asasi, na hakuna anayepotea. Jina la kikoa na mwanakikoa hayatagongana katika sentensi yoyote niliyoweza kuitunga. Naomba pendekezo lirudishwe mezani, lijadiliwe kwa sababu zake, na wanaolipinga waandike zao kwa urefu unaostahili.