Majivu ya Wafiadini wa Lyon

Mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, wapagani waliwaua Wakristu wengi, na kati yao Blandina, mjakazi shujaa. Maiti zao zililindwa na askari siku sita zisizikwe. Kisha zikachomwa moto, na majivu yakatupwa katika mto Rhône. Wauaji walidhani wamewanyima ufufuko. Walijidanganya: Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hashindwi na moto wala maji.

Mwaka 1886 Eklezya ilikataza kuchoma maiti, maana wengine walifanya hivyo kwa kuidharau imani. Mwaka 1963 ilitoa ruhusa, ila si kwa kuukana ufufuko. Nayo yapenda zaidi mwili uzikwe.

Basi, majivu ya marehemu tuyafanyeje? Mwaka 2016 Roma ilifundisha: yawekwe mahali patakatifu, kama makaburini, wafu wasisahauliwe katika sala; yasimwagwe hewani, wala nchini, wala majini.

Wakristu wa Lyon walihuzunika sana kwa kukosa kuwazika ndugu zao. Tusiwatendee wafu wetu kwa hiari yale ambayo wale walitendewa kwa chuki.