Nyota ndogo, hasara kubwa: historia ya alama ya * katika kompyuta

Mtu anayetaka kompyuta imwonyeshe faili zake zote zenye majina yanayoanza na neno barua hana haja ya kuzitaja moja moja. Huandika barua*, na kompyuta humletea barua1, barua2, baruapepe na nyinginezo. Nyota husimama mahali pa herufi zozote, ziwe nyingi au isiwepo hata moja. Alama ya kuuliza husimama mahali pa herufi moja tu.

Lakini ni nani hasa anayeisoma nyota hiyo? Jibu lilitolewa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na athari zake zingali nasi.

Mwaka 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell Labs, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, walikuwa wakiujenga mfumo wa Unix kwenye kompyuta ya PDP-11 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24. Kati ya hizo, 16 zilichukuliwa na mfumo wenyewe, zikabaki 8 kwa programu za watumiaji. Katika nafasi finyu kiasi hicho, kazi ya kulinganisha majina haikutiwa ndani ya sheli, yaani programu inayopokea amri. Ilikabidhiwa programu ndogo ya pembeni iliyoitwa glob. Sheli ilipokutana na nyota iliiita glob, nayo ikaiondoa nyota, ikaweka majina kamili ya faili mahali pake, kisha ikaianzisha amri iliyotakiwa.

Mwaka 1979, sheli mpya ya Stephen Bourne iliifanya kazi hiyo yenyewe. Hata hivyo, msingi ulibaki ule ule: amri haiioni nyota, huona orodha ya majina tu.

Utaratibu huu una faida kubwa, kwa kuwa kila programu hunufaika na nyota bila mwandishi wake kutaabika. Lakini una hatari yake. Amri ya rm hufuta faili. Anayeandika rm barua* hufuta barua zake. Anayeteleza akaacha nafasi kabla ya nyota hufuta kila faili iliyomo katika folda, isipokuwa zile ambazo majina yake huanza na nukta. Rm haiwezi kushtuka, kwani haijui kwamba nyota iliandikwa.

Mfumo wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981, ulifuata njia nyingine. Humo nyota ilifika kwa amri yenyewe ikiwa nzima. Kwa hiyo mtu alipoandika DEL *.* kompyuta ilimwuliza kwanza kama ana hakika.

Katika ulimwengu wa Unix, ulinzi wa namna hiyo ulipaswa kuwekwa pale nyota inapoonekana, yaani kwenye sheli. Ndivyo ilivyofanya zsh, sheli iliyoanzishwa na Paul Falstad mwaka 1990: humwuliza mtumiaji kabla ya kutekeleza rm *. Sheli nyingine nyingi hutii kimya kimya mpaka leo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini ili kuuliza, ni lazima kwanza mtu awe ameliona la kuuliza, na rm imenyimwa nafasi hiyo tangu mwaka 1971.