Kihesabio Kibovu na Kihesabio Kisicho Thabiti

Mfasiri wa maandishi ya kompyuta akutanapo na chombo cha muda kinachoupotosha mfumo endeshi, ni rahisi kwake kuandika "saa mbovu" na kuendelea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya kiini cha Linux, kwamba jina hilo hufunika kasoro mbili zisizofanana.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kiini, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayotawala mashine, hupima muda kwa vihesabio, navyo huhesabu mapigo ya umeme. Chipu ya Intel iitwayo PIIX4 ilikuwa na kihesabio cha namna hiyo. Katika kila nanosekunde 69.8 palikuwa na nanosekunde 3 ambazo namba yake ilikuwa ikibadilika, na aliyeisoma wakati huo aliweza kupata namba ya uongo. Dawa iliyoandikwa katika kiini ni kusoma mara tatu mfululizo. Namba zisipofuatana kwa mpangilio, husomwa upya.

Kasoro ya pili ni tofauti. Kichakataji cha Pentium, kilichotolewa mwaka 1993, kilikuwa na kihesabio kilichoongeza moja kwa kila pigo la kichakataji chenyewe. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini vichakataji vya baadaye vilipoanza kupunguza kasi ili kuokoa umeme, mapigo yaleyale hayakuwa tena na urefu uleule. Mwaka 2007 kiini kiliwekewa mlinzi, ambaye kila nusu sekunde hulinganisha kihesabio hicho na kingine. Tofauti ikizidi kiasi, kihesabio hutiwa alama kuwa si thabiti, na kingine hushika nafasi yake. Hatimaye vilitengenezwa vichakataji ambavyo kihesabio chake huenda kwa mwendo mmoja hata kasi ibadilikapo.

Kwa hiyo tunapendekeza cha kwanza kiitwe kihesabio kibovu, na cha pili kihesabio kisicho thabiti. Hili si suala la madoido ya lugha. Mwanafunzi atakayefundishwa neno moja atakisoma kihesabio kisicho thabiti mara tatu, hata mara mia. Namba zitafuatana kwa mpangilio mzuri, naye ataamini muda usio wa kweli. Istilahi isiyotenganisha maradhi haiwezi kutenganisha dawa.