Tuzo za wasafiri waaminifu wa meli za kitalii, na somo lake kwa Ijara

MFANYABIASHARA wa Masalani anayekwenda Garissa kila wiki hapati upendeleo wowote kwa sababu ya wingi wa safari zake. Hulipa nauli sawa na anayesafiri kwa mara ya kwanza, na barabara ikigeuka tope wakati wa masika, wote wawili hukwama pamoja. Katika meli za kitalii zinazozunguka bahari za dunia, mambo ni kinyume. Huko kila usiku anaolala abiria huandikwa na kuhesabiwa, na kadiri hesabu inavyopanda ndivyo anavyoongezewa heshima na zawadi.

Ijara haina bandari. Hata hivyo, wakazi wake wanapakana na Lamu upande wa kusini na wana hifadhi ya wanyama inayotegemea wageni. Wana kila sababu ya kuelewa ni kitu gani kinachomfunga mtalii wa baharini na meli yake, na kwa nini fedha zake huwafikia wenyeji kwa shida.

Chanzo cha mipango hii

Mtindo wa kumtuza mteja wa kudumu haukuanzia baharini. Mwezi Mei mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango uitwao AAdvantage, uliohesabu maili alizosafiri mteja na kumlipa kwa tiketi. Mashirika mengine yalifuata, kisha hoteli, maduka na kampuni za simu. Hapa Kenya, Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, nayo Kenya Airways ina mpango wake uitwao Asante Rewards.

Ipo tofauti moja ambayo msomaji anapaswa kuifahamu mapema. Pointi za simu ni mfano wa fedha: mtu huzikusanya, akazitumia, zikaisha. Pointi za meli nyingi za kitalii hazinunui kitu. Kazi yake ni kumpandisha abiria ngazi, na kila ngazi ina haki zake.

Ngazi na hesabu yake

Mfano ulio wazi ni mpango wa kampuni ya Royal Caribbean, uitwao Crown & Anchor Society. Abiria hupata pointi 1 kwa kila usiku katika chumba cha kawaida na pointi 2 katika vyumba vya kifahari. Anayesafiri peke yake, naye akalipia chumba cha watu wawili, huongezewa pointi.

Ngazi zenyewe ni sita. Dhahabu huanzia pointi 3, Platinamu 30, Zumaridi 55, Almasi 80 na Almasi ya juu 175. Kileleni wapo wenye pointi 700.

Hesabu hiyo inastahili kupimwa vyema. Ili afike ngazi ya Almasi, abiria wa chumba cha kawaida anahitaji safari zipatazo 12 za wiki moja moja. Ili afike kileleni anahitaji wiki 100 baharini, yaani karibu miaka miwili ya maisha yake. Kwa mtu mwenye likizo ya wiki mbili kwa mwaka, hiyo ni kazi ya nusu karne.

Kampuni ya Princess yenyewe huhesabu ama safari au siku, lolote litakalomfaa abiria. Ngazi yake ya juu hufikiwa na mwenye safari zaidi ya 15 au siku zaidi ya 150.

Anachopata msafiri

Zawadi za ngazi za chini ni ndogo: punguzo la bei katika baadhi ya huduma, matangazo ya safari mpya kabla ya watu wengine, na mwaliko wa tafrija moja. Zenye thamani huanzia katikati. Abiria wa ngazi ya Almasi katika Royal Caribbean hupewa vinywaji vinne vya bure kila siku. Wa ngazi ya juu katika Princess hufuliwa nguo bila malipo, jambo lisilo dogo kwa aliye safarini mwezi mzima. Kwingineko wapo wanaopewa intaneti kwa bei nafuu, wanaotangulia kupanda na kushuka, na wenye ukumbi wao wa mapumziko. Afikaye pointi 700 katika Royal Caribbean hupewa safari nzima bure.

Hata hivyo, thamani ya tuzo hutegemea anayeipokea. Aghalabu vinywaji vinavyotajwa ni pombe, ingawa kahawa na maji ya matunda pia humo. Kwa msafiri Muislamu, au yeyote asiyekunywa, tuzo inayosifiwa sana katika matangazo inaweza kuwa na thamani ya vikombe vinne vya kahawa. Wahenga walisema bure ghali. Anayelipia safari ya ziada ili apate kinywaji cha bure amekinunua kwa bei ya safari.

Masharti yanapobadilika

Hatari kubwa zaidi ni kwamba mwenye mpango ndiye mwenye kalamu. Mwezi Juni mwaka 2025 kampuni ya Carnival ilitangaza kuuondoa mpango wake wa zamani na kuweka mwingine mwaka 2026. Katika utaratibu mpya, hadhi ya abiria ingepimwa kwa fedha anazotumia, tena ndani ya kipindi cha miaka miwili, wala si kwa jumla ya siku alizosafiri maishani.

Tangazo hilo liliwaudhi wateja wengi wa miaka mingi. Waliodhani wamejijengea haki ya kudumu walitambua kuwa walikuwa wamepewa hisani tu, nayo hisani hubadilishwa na aliyeitoa.

Meli na pwani yetu

Afrika Mashariki si ngeni katika safari hizi. Meli ya SS Uganda, iliyozinduliwa mwaka 1952, ilibeba abiria kati ya London na bandari za pwani hii. Mwaka 1968 ilianza kazi mpya ya kuwazungusha wanafunzi wa Uingereza katika safari za mafunzo.

Baadaye uharamia uliitikisa biashara hiyo. Mnamo Novemba 5, 2005, maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia ilipokuwa ikielekea Mombasa, ikalazimika kukimbilia Ushelisheli. Septemba 2011 mtalii kutoka Uingereza alitekwa nyara Kiwayu katika Lamu, jirani na Ijara, na utalii wa eneo lote ukaathirika. Tangu uharamia upungue meli zimerejea, na Mombasa sasa ina kituo maalum cha kuwapokea abiria wake.

Ijara inapata nini?

Kusini mwa Masalani, ng'ambo ya mashariki ya Mto Tana, ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Humo anatunzwa hirola, paa ambaye waliosalia duniani kote hawafiki 500. Mwaka 2012 sehemu ya hifadhi ilizungushiwa ua ili kumnusuru. Ni hazina ambayo mtalii mwenye kiu ya wanyama adimu angeisafiria kutoka mbali.

Lakini mgeni wa meli hukaa bandarini siku moja au mbili. Chakula chake kiko melini, kitanda kiko melini, na tuzo zake zote ziko melini. Matembezi ya nchi kavu huuziwa humo humo, na kampuni huchukua fungu lake kwanza. Muda wake haumruhusu kufika Ijara na kurudi. Kwa hiyo mpango wa uaminifu humfanya awe mwaminifu kwa meli, wala si kwa nchi anazozizuru.

Hapo ndipo lilipo somo kwa wanaopanga utalii wa Garissa. Kuingojea meli si mkakati. Mgeni anayefaa ni yule ajaye kwa nchi kavu au kwa ndege ndogo, akalala siku kadhaa, akarudi mwaka wa pili na wa tatu. Huyo naye anastahili kuhesabiwa na kukumbukwa: ajulikane kwa jina, apunguziwe ada ya kulala, apelekewe habari za hirola aliyemwona akiwa ndama. Mambo hayo hayahitaji kompyuta kubwa. Yanahitaji daftari, usalama, na barabara inayopitika mvua inaponyesha.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika meli za kitalii mwenyeji ni kampuni, naye amekwisha kupona. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kuwa wenyeji wa Masalani, Kotile na Hulugho nao wana mgeni wao.